Mkutano wa Perl Tanga: namna ya kuuandaa watu wanapopungua

Ukiandaa mkutano wa Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anza na daftari la mahudhurio, tangazo baadaye. Chukua orodha za mikutano mitatu iliyopita, kila jina ulitie alama: huyu amerudi, huyu ni mgeni, huyu alikuja kwa sababu alikuwa na mada. Ukiwatoa watoa mada, wasikilizaji wanabaki wangapi? Namba hiyo ndiyo ya kukodia chumba. Perl ilitoka mwaka 1987, mkutano wake mkubwa wa kwanza ukafanyika Marekani mwaka 1997, na tangu hapo vijana wengi wameingia kwenye lugha ya Python. Hawarudi kwa bango. Anayekuja ni mtu ambaye skripti yake, yaani programu yake fupi, imekwama kazini, na mkutano uandaliwe kwa ajili yake.

Ukumbi wa shilingi 300,000 ukigawanywa kwa watu 60 ni 5,000 kila mmoja. Wakija 15 ni 20,000, na aliyetoka Korogwe bado ana nauli. Tena watu 15 kwenye ukumbi mkubwa hukaa nyuma, kila mtu na kona yake, na maswali hayaulizwi. Tafuta darasa la watu 20 Chumbageni au Ngamiani, meza zipangwe kwa duara.

Umeme uupigie hesabu mapema. Kompyuta 20 za wati 65 ni wati 1,300, projekta 300, feni nne kama 300, na kwa joto la Tanga usizipunguze. Jumla 1,900, kwa hiyo jenereta ya kVA 3 inatosha; ya kVA 2 itazidiwa na kuzimika projekta ikiwaka.

Siku iwe Jumamosi, nje ya Ramadhani na nje ya masika. Anza saa nne asubuhi, maliza saa tisa, ili wa Pangani na Muheza wafike kwao kabla ya giza.

Mada ziwe mbili tu, dakika 20 kila moja. Muda wote uliobaki ni wa karakana: kila mtu aje na skripti moja ya zamani iliyokataa baada ya seva kubadilishwa. Nywila na majina ya wateja yafutwe kabla ya kuja. Wakae wawili wawili, mzoefu na mgeni, na mgeni ndiye ashike kibodi. Hili lisilegezwe, maana mzoefu akishika yeye, mgeni ataondoka alivyokuja.

Makosa mengi yatafanana. Skripti yenye `require "maktaba.pl";` itatoa `Can't locate maktaba.pl in @INC`, kwa kuwa Perl toleo la 5.26 la mwaka 2017 liliacha kutafuta faili kwenye folda uliyomo; @INC ni orodha ya folda ambamo Perl hutafuta. Andika `require "./maktaba.pl";` na uiendeshe ukiwa ndani ya folda hiyo. Kurasa za wavuti za zamani hukwama kwenye CGI, moduli (msimbo ulioandikwa tayari) ya kusoma fomu za wavuti. Iliondolewa kwenye kifurushi cha msingi toleo la 5.22, isakinishe peke yake. Na `use strict;`, amri ya ukaguzi mkali, usiiweke juu ya faili la mistari elfu mbili, utamwagiwa makosa mpaka ukate tamaa. Iweke ndani ya mabano ya kazi-ndogo (`sub`) moja, rekebisha, jaribu, kisha nenda ya pili.

Intaneti ya ukumbini usiitegemee. Wiki moja kabla, pakua moduli zote nyumbani kwa minicpan, programu inayonakili CPAN, ghala la moduli za Perl:

`minicpan -l ~/minicpan -r http://www.cpan.org/`

Ni gigabaiti kadhaa, iachie usiku mzima. Nakili kwenye diski tatu, ili foleni isiwe moja. Kusakinisha kwa cpanm, programu ya kuweka moduli:

`cpanm --mirror ~/minicpan --mirror-only CGI`

Moduli zenye msimbo wa C zitagoma pasipo `build-essential`, zana za kujengea msimbo huo. DBD::mysql, ya kuunganisha Perl na hifadhidata ya MySQL, ndiyo sumbufu kuliko zote. Kwenye Linux ya Debian au Ubuntu chukua kifurushi kilicho tayari, `libdbd-mysql-perl`, nayo ipakuliwe kabla.

Chakula kiagizwe kwa waliothibitisha kwa simu siku mbili kabla, si kwa waliojiandikisha. Chai ya tangawizi na vitumbua saa tano, chakula saa saba.

Kabla ya kufunga, kila meza iandike kosa lililokutwa na dawa yake, karatasi moja. Baada ya wiki mbili mpigie kila mgeni, umuulize kama skripti bado inakwenda, na umwombe mkutano ujao aje na kijana atakayemwachia kazi hiyo.