Menyu ya usiku wa matokeo
Ukialika watu sebuleni kufuatilia matokeo ya uchaguzi, usipike wali wa nazi. Utachacha kabla ya nusu ya majimbo kusomwa. Kenya 2022 tulipiga kura Agosti 9, mshindi akatangazwa ukumbini Bomas, Nairobi, tarehe 15! Andaa vya kushika mkononi: mahamri, viazi karai, na mishkaki unayochoma kidogo kidogo kila watu wakianza kusinzia.

Utani wa siasa uweke kwenye sinia la matunda. Katika kura ya maoni ya katiba ya 2005, waliounga mkono rasimu walipewa alama ya ndizi, waliopinga chungwa. Panga ndizi huku, machungwa kule, uone yapi yataisha kwanza. Mwaka ule chungwa lilishinda. Chai ya tangawizi, chupa mbili zimejaa.