Umeshinda mnada wa benki: jinsi ya kulipa kabla siku hazijakuishia

Kazi yangu ni kuwasomea wanunuzi masharti ya mnada kabla hawajanyoosha mkono. Wengi hutaka tuanze na bei. Mimi nawauliza kwanza: salio la bei litatoka wapi, na litaingia kwenye akaunti ya benki inayouza tarehe ngapi?

Anza na amana. Mara nyingi ni asilimia 25 ya bei uliyoshindia, siyo ya bei ya kuanzia, na hudaiwa nyundo ikishagonga. Kanuni za India za mwaka 2002 kuhusu mali zilizowekwa rehani zinataka ilipwe siku ileile, au ikichelewa sana, siku ya kazi inayofuata. Kile ulichoweka ili uruhusiwe kushiriki huhesabiwa humo, kwa hiyo kitoe kwanza kwenye hesabu ya amana ndipo ujue unadaiwa ngapi. Kisha, kabla ya siku ya mnada, iulize benki yako kikomo cha kuhamisha pesa kwa siku ni kiasi gani. Kuna watu wenye pesa zote kwenye akaunti wanaokwama hapo tu.

Salio ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu wanasoma idadi ya siku bila kusoma zinaanza lini. Nyumba ikiuzwa kwa mnada wa mahakama Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakutaka ukamilishe kabla mahakama haijafungwa siku ya 15 tangu mauzo. India nako, kwa kanuni zile za 2002, ni siku 15, ila zinahesabiwa tangu mauzo yathibitishwe. Kenya, matangazo mengi ya madalali huandika siku 90. Basi shika masharti ya mnada wako, tafuta neno "tangu", na uandike tarehe kamili kwenye karatasi. Kama hayasemi ni siku za kazi au za kalenda, uliza kwa barua. Jibu lisipokuja, mimi huhesabu kwa namna inayonibana zaidi, halafu napunguza siku tatu za usumbufu wa benki.

Unategemea mkopo? Hapo nakuwa mkali. Mkopeshaji atataka mthamini aione nyumba, wakili akague hati, na kamati ikae. Siku 15 hazitoshi kwa hayo yote. Siku 90 zinaweza kutosha iwapo ombi lako lilishapita hatua za mwanzo kabla ya mnada. Benki yako ikikupa barua ya ahadi ya malipo, usidhani benki inayouza itaipokea; waulize mapema, maana masharti mengi yanataka pesa yenyewe iwe imefika.

Ukiona utachelewa, omba nyongeza ya muda kwa maandishi kabla tarehe haijapita, na usubiri jibu la maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka. Afisa anayekwambia kwenye simu "usijali, leta wiki ijayo" hajakuongezea hata saa moja. Tena nyongeza nayo ina ukomo: kwa kanuni za India haizidi miezi mitatu, hata pande zote mbili zikitaka zaidi.

Muda ukipita, amana inakwenda. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India iliiruhusu benki kubaki na asilimia 25 yote ya mnunuzi aliyeshindwa kumalizia, ingawa benki ilikuwa imeiuza mali ileile tena kwa bei kubwa zaidi.

Mambo mawili huwapumbaza watu. La kwanza ni mpangaji ambaye hajahama: mali huuzwa kama ilivyo, na kwa kawaida hilo halisimamishi siku zako. La pili ni mdaiwa, yaani aliyeshindwa kulipa mkopo, kukimbilia mahakamani kuomba zuio. Ombi siyo amri. Hata amri ikitoka, mwandikie muuzaji umuulize kama muda umesimama, na pesa usiiguse.

Siku ya kumalizia, andika namba ya mali na jina la mnunuzi kama lilivyo kwenye fomu ya mnada, kisha omba barua inayotaja tarehe pesa ilipopokelewa. Ukiipata, dai hati ya mauzo na uulize ushuru wa stempu unalipwa ndani ya siku ngapi, kwa sababu huo nao una tarehe yake.