Kupanga Kituo cha Data cha Chuo Kisichopoteza Umeme Tanga

Anayepanga kituo cha data cha chuo kilichopo Tanga asianze kwa kuhesabu viyoyozi. Aanze kwa kuorodhesha seva zote, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, zikiwemo zilizosahaulika katika ofisi za idara, na kupima umeme zinaotumia, kwa kuwa umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka joto, na joto hilo huondolewa kwa umeme mwingine. Seva inayovuta wati 300 usiku na mchana hutumia uniti 2,628 kwa mwaka, na hata ikikaa bila kazi huendelea kuvuta sehemu kubwa ya umeme huo. Kwa hiyo mifumo ya usajili, matokeo na maktaba ihamishiwe kwenye seva pepe, yaani seva za kiprogramu zinazoendeshwa nyingi kwa pamoja, ndani ya mashine chache zenye uwezo, na zinazobaki zizimwe kabisa.

Ndipo chumba kipangwe, kikiwa mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Raki, yaani fremu za kupachikia seva, zitazamane mbele kwa mbele ili hewa baridi isichanganyike na ya moto, na nafasi tupu ndani yake zizibwe. Ukiweka kiganja mbele ya seva ya juu katika raki isiyozibwa, utahisi hewa ya moto ikirejea kutoka nyuma. Wengi hapo hushusha kiyoyozi hadi nyuzi 16, ilhali kinachohitajika ni kibao cha kuzibia. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi chenye makao Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za selsiasi, nami naona 25 inafaa.

Ushauri wa kupoza chumba kwa hewa ya nje, unaofaa nchi za baridi, usifuatwe hapa, kwani hewa ya pwani huja na joto, unyevu na chumvi inayokula saketi. Kupoza kwa kuvukiza maji nako hakuna tija katika hewa yenye unyevu mwingi. Chumba kifungwe vizuri, viyoyozi viwe vya inveta, yaani vinavyobadili kasi kulingana na joto lililopo, na mashine zake za nje zikingwe na upepo wa bahari na kuoshwa chumvi mara kwa mara.

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia seva umeme unapokatika, ichaguliwe kwa mzigo halisi, iwe ya kuongezeka kidogo kidogo, kwa sababu iliyo kubwa kupita kiasi hupoteza umeme zaidi.

Mwisho, zifungwe mita mbili, moja ya kituo kizima na nyingine ya vifaa vya kompyuta. Ya kwanza ikisoma kilowati 16 na ya pili 10, kipimo cha PUE, yaani umeme wa kituo kizima ukigawanywa kwa ule wa vifaa vya kompyuta, ni 1.6. Kiandikwe kila mwezi, na Februari ilinganishwe na Februari iliyopita, si na Julai yenye ubaridi.