Somo: Biskuti laini za mdalasini za kudondosha kwa kijiko, pamoja na glezi yake

Wadau, swali la jinsi ya kuoka biskuti hizi nimelijibu vipande vipande mpaka nimechoka. Mmoja kaondoka na vipimo bila moto, mwingine na moto bila glezi, ile sukari ya kumwagia juu, kisha wote wanarudi kuniambia zimegoma. Leo naweka somo zima. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nazungumzia biskuti laini, zinazoumuka na kuchambuka ndani, si zile kavu. Hazisukumwi wala hazikatwi kwa kibati. Unatumia unga wa kuokea uliochanganywa tayari, ambao ndani yake mna unga wa ngano, mafuta mgando, bekingi poda na chumvi. Kazi ngumu imeshafanywa, na ndiyo maana toka bakuli mpaka sahani haizidi nusu saa.

MAHITAJI

Unga wa mchanganyiko vikombe 2, ambavyo kwenye mizani ni kama gramu 240. Sukari vijiko vikubwa 2. Mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, kilichojaa. Maziwa baridi mililita 150, yaani nusu kikombe na vijiko vikubwa 2. Ukipenda zabibu kavu, kiganja kimoja kinatosha.

Za glezi: sukari ya unga kikombe 1 (gramu 120), maziwa kijiko kikubwa 1 na nusu, vanila robo kijiko cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi msiiruke, bila hiyo glezi ni utamu mtupu.

Vipimo hivi vinatoa biskuti 10 hadi 12.

HATUA

1. Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi kabla hujagusa bakuli. Iache ipate moto kamili.

2. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei. Kama trei yako ni nyeusi, shusha moto mpaka 205, maana trei nyeusi huunguza chini kabla juu hakujaiva.

3. Changanya unga, sukari na mdalasini vikiwa vikavu. Mdalasini usiutie kwenye maziwa. Hauyeyuki, utaelea juu na kushikana madonge, halafu biskuti moja itakuwa kali na nyingine haina kitu.

4. Maziwa, na kukoroga. Hapa tukae kidogo.

Fanya shimo katikati ya unga, mimina maziwa yote kwa pamoja, chukua uma au mwiko, geuza kutoka chini kwenda juu. Ukiona unga mkavu umekwisha, ACHA. Rojo litakuwa zito, lenye mabonge na sura mbaya. Hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Mkono utakuwasha kutaka kulilainisha. Usilainishe.

Sababu ni mbili. Kwanza, ngano ikishalowa, kila mzunguko wa mwiko unazidi kuunganisha gluteni, ule utando unaovutika. Kwenye mkate tunautafuta kwa nguvu zote, lakini hapa ndio unaoleta ugumu. Pili, mafuta yaliyomo yako katika chembe ndogo ndogo. Chembe hizo zikiingia kwenye oveni zikiwa bado nzima, zinayeyuka na kuacha mianya, na mvuke unaipanua. Ukikoroga mpaka zikapotea, umeipoteza na mianya. Ndiyo maana nasema maziwa yawe baridi pia, kwa sababu ya uvuguvugu yanayalainisha mafuta mapema.

Maonyo ya hatua hii: usitumie mashine ya kukorogea, hata kwa kasi ya chini. Usiongeze maziwa kwa sababu rojo linaonekana zito. Sukari ikianza kuyeyuka litalegea lenyewe. Na usilikoroge ukaenda kupokea simu. Bekingi poda inaanza kutoa gesi mara tu inapolowa. Zile za kazi mbili, ambazo ndizo nyingi siku hizi, hubakiza sehemu kubwa ya gesi mpaka zipate joto, lakini hata hizo hazikusubiri saa nzima.

5. Dondosha kwa vijiko viwili: kimoja kinachota, kingine kinasukuma. Achia nafasi ya vidole vitatu. Juu usisawazishe, yale makwaruzo ndiyo yanayopata rangi na kushika glezi.

6. Oka dakika 10 hadi 12. Rangi ya juu itawadanganya, kwa kuwa rojo lenye mdalasini ni la kahawia tangu likiwa bichi. Inua biskuti moja utazame chini. Chini kukiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea na pembeni pamekauka, toa.

7. Wakati zinaiva, tengeneza glezi. Chekecha sukari ya unga, weka chumvi na vanila, kisha maziwa kidogo kidogo. Ukiinua kijiko, idondoke kama utepe na alama yake ionekane juu kwa muda mfupi kabla haijapotea. Ikiwa kama maji, ongeza sukari. Ikiwa nzito, ongeza maziwa kwa matone, si kwa kijiko.

8. Subiri dakika 5, kisha mwagia glezi kwa kijiko. Biskuti ikiwa ya moto sana, glezi inayeyuka na kuchuruzika yote kwenye trei. Ikiwa imepoa kabisa, glezi inakaa juu nene na nyeupe bila kushikamana vizuri. Vuguvugu ndiyo yenyewe: inatandaa, inaingia kwenye makwaruzo, halafu inakauka na kung'aa.

Ziliwe siku hiyo hiyo. Kesho yake bado zinalika, ila zile pembe za juu zimeshalegea.

MASWALI YA WADAU

Mgeni Jikoni: Somo zuri. Hamira naweka kiasi gani?

Jibu: Haiwekwi hamira. Tazama mahitaji.

Mgeni Jikoni: Sasa zitaumukaje?

Jibu: Kwa bekingi poda iliyomo ndani ya unga. Nimeitaja aya ya pili.

Jiko Dogo: Dada, mimi nina unga wa keki wa pakiti, nao si umechanganywa tayari? Nimefanya na huo zimetandaa trei nzima zikawa kitu kimoja.

Jibu: Si huo, mdau. Unga wa keki wa pakiti umejaa sukari, na sukari ikipata moto inayeyuka na kulegeza rojo. Ndiyo maana zimetandaa. Soma orodha ya vilivyomo kwenye pakiti yako: sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, huo ni wa keki.

Mama Wawili: Na ule unga unaoumuka wenyewe?

Jibu: Huo unafaa lakini haujakamilika. Una bekingi poda na mara nyingi chumvi, ila hauna mafuta. Chukua gramu 240, tia siagi baridi gramu 50 iliyokatwa vipande vidogo, fikicha kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga chenga, kisha endelea na hatua ya 3. Usifikiche kwa viganja, vina joto.

Kijiko Kikubwa: Nimefuata kila kitu zimetoka ngumu. Vipimo vyako vikague tena.

Jibu: Vipimo nimevikagua. Umekoroga kwa nini, na kwa muda gani?

Kijiko Kikubwa: Mashine, dakika tatu hivi mpaka likawa laini kabisa.

Jibu: Basi hukufuata kila kitu. Rudia hatua ya 4, yote, pamoja na maonyo. Vipimo viache kama vilivyo.

Mdadisi: Samahani kwa swali refu. Nilisoma kwamba mdalasini mwingi unazuia mkate usiumuke. Je, hapa hauharibu? Na kwa nini mdalasini wangu wa sasa hauna makali kama wa zamani wakati kipimo ni kile kile?

Jibu: Maswali mazuri haya, ngoja nijibu moja moja. Ulichosoma ni kweli kwa mkate. Harufu ya mdalasini inatokana zaidi na kitu kinachoitwa sinamaldehidi, nacho kinadhoofisha hamira kwa sababu hamira ni kiumbe hai. Ndiyo maana kwenye mikate ya mdalasini mwingi huwekwa ndani ya mkunjo badala ya kukandwa na donge lote. Bekingi poda haina uhai. Ni tindikali na bikaboneti zinazokutana kwenye maji. Kwa hiyo hapa unaweza hata kuuzidisha mara mbili na biskuti zikaumuka vilevile. Kitakachobadilika ni ladha, ukizidi sana unaleta uchungu na ukavu mdomoni.

La pili, huenda umebadilisha aina bila kujua. Kuna mdalasini wa kweli, Cinnamomum verum, asili yake Sri Lanka: magome membamba yaliyoviringwa tabaka tabaka, ladha ya upole. Na kuna kasia, ya China, Vietnam au Indonesia: gome nene gumu, ladha kali. Wa unga unaouzwa sehemu nyingi duniani ni kasia. Kama ulihamia ule wa kweli, ongeza nusu kijiko cha chai. Jua pia kwamba kasia ina kumarini nyingi zaidi, dutu ambayo ikiliwa kwa wingi kila siku inaweza kudhuru ini. Biskuti mbili tatu si tatizo, ila anayekunywa mdalasini kwa vijiko kila asubuhi afadhali atumie ule wa kweli. Sababu nyingine ni ukale tu. Mdalasini wa unga hupoteza harufu taratibu, fungua chupa unuse. Ukilazimika kuutafuta kwa pua, nunua mwingine au saga magome mwenyewe.

Mdadisi: Asante sana, nimeangalia, ni magome membamba kweli. Naongeza.

Asubuhi Njema: Nina mtindi badala ya maziwa. Sawa?

Jibu: Sawa, na ladha inapendeza. Ukiwa mzito upunguze kwa maji mpaka umiminike kama maziwa mazito. Mtindi una tindikali yake, kwa hiyo ongeza bekingi soda robo kijiko cha chai kwenye vitu vikavu ili isawazike. Robo tu, ikizidi zitakuwa na ladha ya sabuni.

Sina Oveni: Kwa sisi tusio na oveni?

Jibu: Kikaango kizito chenye mfuniko. Moto mdogo, paka mafuta kidogo, dondosha vidogo kisha vibonyeze kidogo viwe bapa. Funika dakika 5 au 6, geuza, funika tena dakika 4 au 5. Hazitakuwa na pembe za kahawia juu, lakini ndani zitaiva na kuwa laini. Moto ukiwa mkubwa zitaungua nje zikiwa mbichi katikati, hilo ndilo la kulinda.

Haraka Haraka: Glezi yangu ina mchanga mchanga na haikauki. Nimeweka sukari kikombe 1 kama ulivyosema.

Jibu: Sukari gani?

Haraka Haraka: Ya kawaida ya chai.

Jibu: Nimeandika sukari ya unga. Kama huna, saga sukari ya kawaida kikombe 1 na wanga wa mahindi kijiko kikubwa 1 kwenye blenda kavu mpaka iwe kama poda, iache itulie kabla ya kufungua, kisha chekecha. Na tusije tukaipika, glezi hii si shira.

Mama Wawili: Nataka niache kabisa kununua unga wa pakiti. Nitauchanganyaje nyumbani?

Jibu: Unga wa ngano gramu 250, bekingi poda vijiko 3 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta mgando au siagi gramu 60. Fikicha mpaka chenga chenga, kisha chota gramu 240 zako humo. Ukitumia siagi, hifadhi kwenye friji. Ukitumia mafuta mgando ya mimea, kabati kavu lisilo na joto linatosha kwa wiki chache. Kabla hujachanganya, jaribu bekingi poda yako: kijiko cha chai kwenye maji ya moto nusu kikombe. Ikichemka kwa povu zito, ni hai. Ikitoa vipovu viwili vitatu, tupa.

Wazo lenyewe la kuhifadhi mchanganyiko lilitoka kwa mpishi wa treni. Mwaka 1930 Carl Smith, mtu wa mauzo wa kampuni ya General Mills ya Marekani, alipewa biskuti za moto kwa haraka iliyomshangaza. Kumbe mpishi alikuwa na unga, mafuta, bekingi poda na chumvi vimeshachanganywa na kuwekwa kwenye barafu. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikatoa Bisquick, unga wa pakiti uliochanganywa tayari kwa namna hiyo. Kwa hiyo ukichanganya nyumbani, unafanya alichofanya mpishi yule.

Jiko Dogo: Nimerudi. Nimepata unga sahihi na zimetoka vizuri mno! Je, naweza kuzigandisha ili asubuhi nioke chache chache?

Jibu: Hongera, mdau! Ndiyo. Dondosha kwenye trei, gandisha zikiwa mbichi mpaka ziwe ngumu, halafu zikusanye kwenye mfuko na utoe hewa. Oka zikiwa zimeganda vilevile, bila kusubiri ziyeyuke, ukiongeza dakika 3 au 4 na kukagua chini kama kawaida. Glezi itengeneze asubuhi hiyo hiyo, usiigandishe nazo.