Somo: Kuhama Arusha na kwenda kuishi Tanga ukiwa kijana wa kazi

Niliishi Arusha miaka sita nikifanya uhasibu wa biashara ndogo, na sasa namaliza mwaka wa tatu Tanga. Kila Juni, baridi ikianza kuuma kule juu, simu yangu hujaa ujumbe: dada, nyumba Tanga zikoje? Maisha yakoje? Leo nimeandika yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, na maswali mliyoniuliza nimeyajibu chini.

Nianze na hesabu iliyonitoa. Njiro, kule Arusha, nilikuwa nalipa 350,000 kwa mwezi, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba alipandisha kodi mara mbili ndani ya miaka mitatu, na kila mara maneno yake yalikuwa yale yale, kwamba wapo wageni wanaolipa kwa dola. Mikanjuni, hapa Tanga, nyumba ya ukubwa ule ule nalipa 180,000, na uani kuna mwembe. Usafiri nao ulipungua: Tanga ni tambarare, baiskeli zimejaa, na mimi mwenyewe naendesha baiskeli hadi sokoni Mgandini.

Hata hivyo msije kwa sababu ya kodi peke yake. Nawafahamu watatu waliokuja nyuma yangu wakarudi kabla ya mwaka kwisha, na wote walikosea pale pale: walihamisha vyombo kabla ya kuhamisha kipato.

Hatua ya 1: Hamisha kipato ukiwa bado uko Arusha

Miezi minne kabla ya kuondoka niliacha kwenda kwenye ofisi za wateja wangu. Niliwazoesha kunitumia picha za risiti kwa WhatsApp kila Ijumaa, nami nikawa nawarudishia taarifa kwa barua pepe. Wakati huo nilikuwa naishi dakika ishirini tu kutoka kwao, kwa hiyo palipoharibika jambo niliweza kufika. Mmoja alikataa kabisa, akasema mhasibu lazima amwone kwa macho. Tuliachana kwa heshima, na nikapata muda wa kuziba pengo lake kabla sijafunga mzigo.

Kama umeajiriwa, omba uhamisho, au hakikisha una barua ya ajira mkononi. Tanga kazi zipo, lakini si za aina zote. Kuna bandari, ambayo imepanuliwa na sasa ina gati lenye urefu wa mita 450, na pembeni yake kuna uwakala wa forodha, maghala na usafirishaji. Kuna viwanda vya saruji na chokaa. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, shule, na shughuli za bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443. Kijana aliyezoea kuishi kwa utalii wa Serengeti na Kilimanjaro asije akitegemea kuukuta hapa.

Hatua ya 2: Njoo mwezi mbaya kwanza

Wengi huja kutazama Julai au Agosti, upepo wa kusi unavuma, jioni unakaa nje unakunywa kahawa, unaona umefika peponi. Njoo Februari. Njoo ulale gesti isiyo na kiyoyozi, walau usiku kumi.

Mimi nilikuja Februari. Usiku wa tatu niliamka saa tisa, shuka limelowa kama limetoka kuanuliwa kwenye mvua, nikakaa kwenye sakafu ya saruji nikiegemea ukuta kwa sababu ndipo palipokuwa na ubaridi kidogo. Nililia. Nilikuwa nimetoka kwenye mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai nyuzijoto 12 au 13 si ajabu. Siku ya tisa nililala hadi asubuhi. Mwili unazoea, lakini lazima ujue wako unazoea kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Hatua ya 3: Nyumba. Tafuta upepo kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza fedha.

Dalali atakutoza hela ya kuzungushwa, na ukipata nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kubaliana naye mapema kwamba hela ya kuzungushwa inalipwa mara moja kwa siku, si kwa kila nyumba. Wa kwanza wangu alinionyesha nyumba saa mbili asubuhi, imepakwa rangi mpya, marumaru zinang'aa. Nikalipa miezi sita siku hiyo hiyo. Kumbe madirisha ya vyumba vyote viwili yalitazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu. Alasiri ukuta ule ulikuwa umekunywa jua siku nzima, na usiku ukaanza kuturudishia. Nilivumilia miezi miwili, nikahama, na fedha ya miezi minne sikurudishiwa.

Sasa nawaambia mnachotakiwa kufanya. Nenda kuona nyumba saa tisa alasiri, rudi tena saa mbili usiku. Fungua madirisha yote, simama katikati ya sebule, ning'iniza kipande cha karatasi laini ya chooni kwenye vidole. Kisipotikisika, toka. Pwani upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ukitoka kaskazini mashariki, kisha hugeuka, na kusi hutawala miezi ya katikati ya mwaka. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupata chochote kinachovuma.

Kisha kagua chuma. Nondo za madirisha, bawaba, komeo, miguu ya tangi la maji. Karibu na bahari, Raskazone kwa mfano, hewa ya chumvi hula chuma, na mwenye nyumba asiyepaka rangi nondo zake hatakutengenezea paa. Angalia kama kuna nyavu za mbu. Jaribu kununua LUKU ya elfu mbili ukiwa pale pale, uone kama mita ina deni. Na ujue kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo mwelewane mapema namna atakavyokufidia.

Kuhusu mitaa: Raskazone ni ghali. Chumbageni ni karibu na ofisi. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, utapata chumba cha bei nafuu katika nyumba ya Kiswahili yenye baraza, na kama uko peke yako ndiko ningekushauri uanzie, kwa sababu majirani watakufahamu ndani ya wiki moja.

Maji ni moja ya raha za mji huu. Yanatoka mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 za kupanua mtandao. Njiro nilikuwa na madumu saba. Hapa ninayo mawili.

Hatua ya 4: Mzigo

Uza mablanketi mazito, hita, zulia na makochi ya kitambaa kizito. Leta kitanda, jiko, friji na meza ya kazi. Usikodi fuso zima. Malori mengi hupeleka saruji kaskazini kutoka Tanga na hurudi yakitafuta mzigo. Mzigo wangu ulipanda moja la namna hiyo kwa chini ya nusu ya bei niliyotajiwa kwanza. Njia ni Moshi, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza. Wewe panda basi la asubuhi, utashuka stendi ya Kange kabla ya giza.

Hatua ya 5: Karatasi

Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, na uwe na barua kutoka mtaa uliotoka. Kama una biashara, wajulishe TRA anwani mpya, na leseni ukate Halmashauri ya Jiji la Tanga. Basi.

Hatua ya 6: Mwili na vitu vyako

Aliyekulia nyanda za juu mwili wake haujazoeana na malaria. Mimi iliniangusha mwezi wa pili, na nilipoteza siku mbili nikidhani ni uchovu wa joto. Homa ikija, kapime siku hiyo hiyo. Lala kwenye chandarua chenye dawa hata kama una nyavu dirishani.

Vyeti vyangu vya chuo niliviacha kwenye sanduku chini ya kitanda wakati wa masika. Juni nilipolifungua, cheti cha shahada kilikuwa na madoa ya ukungu ya kijani kwenye kona, na harufu kama ya kabati la bibi. Karatasi weka kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, juu ya kabati. Laptopu usiiache dirishani.

Maswali mliyoniuliza

*Dada, bila kiyoyozi mtu anaweza kufanya kazi kweli?*

Anaweza. Mimi natumia feni, na kazi nzito naifanya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano. Fanya hesabu: feni ya wati 60 ikiwaka saa 14 kwa siku haifiki uniti 30 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo usiku kucha kinaweza kuvuka uniti 150. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, yaani uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Ukitoka hapo bei inapanda zaidi ya mara tatu. Kiyoyozi kinaweza kumeza kile ulichookoa kwenye kodi ya nyumba.

*Mimi ni binti wa Kilutheri kutoka Machame, naogopa kuonekana mgeni.*

Mdogo wangu, makanisa yapo, na utakuta Wachaga wenzako wana maduka. Kinachopimwa hapa ni salamu. Ukipita barazani bila kusalimu, utaulizwa ulikolelewa. Shikamoo kwa wazee, sema pole kwa aliyebeba mzigo, vaa kanga ukitoka asubuhi kwenda kwenye vitumbua. Ramadhani usile njiani mchana, na jioni utaletewa futari hata kama hujafunga. Mwaka wangu wa kwanza jirani yangu aliniletea mihogo ya nazi siku 11 mfululizo.

*Kaka yangu anasema Tanga ni ya "waja leo, waondoka leo". Kijana atakuzaje kazi huko?*

Kama kazi yako inakua kwa kukutana na watu wengi kila wiki, Dar es Salaam itakufaa zaidi, nasema bila kuficha. Kama inakua kwa utulivu na akiba, Tanga inafaa. Mimi nimeongeza wateja wanne hapa, wawili wao mawakala wa forodha.

*Mwenye nyumba anataka mwaka mzima. Nilipe?*

Usilipe mwaka kwa nyumba ambayo hujailala. Mwombe miezi mitatu kwa bei yake bila kupunguziwa, halafu mwaka kwa punguzo. Akikataa, mwache. Na mkataba uandike kitatokea nini ukiondoka kabla ya muda. Mimi wangu haukuandika.

*Nataka kuja kutazama mwishoni mwa wiki hii. Nifike siku gani?*

Fika Jumatano jioni. Alhamisi mchana utaona nyumba, usiku utazirudia. Ijumaa madalali wengi wanaenda msikitini na mchana kunatulia, kwa hiyo nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, ununue changu wawili, uwapeleke kwa mama lishe akuchomee. Karatasi laini ya kupima upepo usiisahau.