Jinsi ya kupima albamu mpya ya roki ya indi

Tangu Julai 2015, albamu mpya nyingi duniani hutoka siku ya Ijumaa. Roki ya indi peke yake, yaani bendi za lebo ndogo zilizo nje ya kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, hutoa kazi nyingi kuliko masikio ya mtu mmoja. Mimi huzichambua ili kuchagua za kupiga redioni, na huu ndio utaratibu wangu.

1. Anza katikati. Singo zilizotangulia zilichaguliwa zikuvute, na mara nyingi hupangwa mwanzoni. Ziruke. Fungua wimbo wa tano, wa sita na wa saba. Bendi iliyoishiwa hujulikana hapo: mwendo uleule, gitaa lilelile, kiitikio kinachopanda palepale. Zikinishika, naendelea, zisiponishika, nafunga.

2. Sasa sikiliza yote, kwa mpangilio wake. Tumia hedifoni, na simu uiweke mbali.

3. Sikiliza chumba, yaani mahali muziki uliporekodiwa. Hapa usiwe na haraka. Mwaka 2019 bendi ya Marekani, Big Thief, ilitoa albamu mbili kupitia lebo ya 4AD: *U.F.O.F.* mwezi Mei na *Two Hands* mwezi Oktoba, zote chini ya prodyuza Andrew Sarlo. Ya kwanza ilirekodiwa kwenye studio iliyozungukwa na miti, jimbo la Washington. Ya pili ilirekodiwa Texas, jangwani karibu na El Paso, na sehemu kubwa ya uimbaji ilinaswa bendi ikipiga kwa pamoja. Zisikilize zikifuatana. Kwenye ya kwanza sauti zinaelea katika mwangwi. Kwenye ya pili ni kavu, ziko karibu nawe kabisa. Na wapigaji ni walewale! Ukishaisikia tofauti hiyo, rudi kwenye albamu unayoipima ujiulize: sauti hii wameichagua, au imetokea tu? Kurekodi chumbani kwa vifaa hafifu si dosari. Muziki huu umepata kazi nzuri sana kwa njia hiyo. Kinachoniudhi ni ngoma zilizonyooshwa kwa kompyuta mpaka mkono wa mpigaji haupo tena.

4. Soma maneno. Tafuta jambo mahususi: jina la mtaa, kazi, mtu. Huzuni isiyo na mahali inachosha upesi.

5. Iache siku mbili. Kabla ya kuirudia, jaribu kuimba chochote kilichobaki kichwani, hata mstari wa besi. Kama hakuna, uamuzi umeshapatikana. Ila kama kuna kitu kilikukera na bado unataka kukisikia tena, ipe nafasi ya tatu. Albamu ninazozipenda zaidi nyingi zilipitia hapo.

6. Uhakiki wa wengine usome mwisho. Ukishaona alama za Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, ni vigumu kusikiliza kana kwamba hukuziona.

Ikifaulu, inunue. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na sehemu kubwa ya kinachobaki huenda kwa bendi au lebo yake.