Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Treni Ugenini

Watalii wengi hupanga kwa makini makumbusho watakayoyatembelea na hoteli watakayolala, lakini suala la tiketi za treni huliacha mpaka wafike stesheni, watu wakiwa wamejipanga nyuma yao na treni ikikaribia kuondoka. Usifanye hivyo. Soma kanuni za jiji unalokwenda kabla hujasafiri, kwa kuwa kanuni hizo hutofautiana hata kati ya nchi jirani, na kwa mkaguzi ugeni si kisingizio.

Mambo ya wazi niyataje haraka. Tunza tiketi mpaka utoke nje ya stesheni, kwa sababu wakaguzi wa Paris mara nyingi husimama kwenye njia za kutokea. Ikiwa tiketi iko kwenye simu, hakikisha simu ina chaji, maana simu iliyozimika huhesabiwa sawa na kukosa tiketi. Kuhusu watoto, usikisie umri: mjini Berlin mtoto husafiri bure kabla ya kutimiza miaka 6, mjini Paris kabla ya kutimiza miaka 4, na katika treni za chini ya ardhi za London walio chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima aliyelipa, mradi wasizidi wanne kwa kila mtu mzima.

Jambo linalowaponza wageni kuliko yote ni kudhani kwamba ukishalipia tiketi, tayari una ruhusa ya kusafiri. Nchini Italia tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haina namba ya kiti wala saa ya treni, kwa hiyo ni lazima uigonge muhuri katika mashine ndogo iliyopo stesheni kabla hujapanda, na kuanzia hapo hutumika kwa saa 4 tu. Nilikuwa katika treni ya kutoka Florence kwenda Pisa, na mbele yangu walikaa mama mmoja na binti yake, wageni kama mimi, waliokuwa wamehifadhi tiketi zao ndani ya pasipoti zisije zikakunjika. Kondakta alipofika, binti alizitoa kwa furaha. Kondakta alizigeuza upande wa pili, akapitisha kidole gumba pembeni, mahali ambapo muhuri ulipaswa kuwa, kisha akauliza walizigonga wapi. Mama akafungua mkoba, akatoa risiti ya asubuhi ileile na kuonyesha saa ya malipo, akiamini kwamba hiyo ingetosha. Haikutosha. Wote wawili walitozwa faini iliyozidi nauli yao mara kadhaa, na mama yule, ambaye hakukusudia kumwibia mtu hata senti moja, aliinamisha kichwa mpaka tukafika Pisa.

Sababu ya ukali huo inaeleweka: tiketi isiyo na muhuri inaweza kutumika tena jioni au kwa safari nyingine, na kondakta hana namna ya kujua nia ya mtu. Ukigundua umesahau, usikae ukiomba Mungu kondakta asipite; nenda ukamtafute wewe mwenyewe kabla hajakufikia na umweleze. Tiketi ya kielektroniki ya treni hizo nayo ina masharti yake, hivyo yasome kabla treni haijaondoka. Berlin nako hakuna mageti, hivyo unaweza kuingia mpaka ndani ya behewa bila kuzuiwa na yeyote, kumbe tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri inakugharimu euro 60.

Chunguza pia kanda za nauli, yaani maeneo ambayo jiji limegawanywa kwa ajili ya kupanga nauli. Uwanja wa ndege wa Berlin na mji wa Potsdam viko katika kanda C, ilhali tiketi nyingi zinazouzwa katikati ya jiji ni za kanda A na B pekee. Mjini Paris, tangu Januari 2025, tiketi ya kawaida ya treni za jiji haikufikishi kwenye viwanja vya ndege. Safari hiyo ina tiketi yake. Japani ina uungwana zaidi hapa, kwani nauli ikipungua unaongezea katika mashine iliyo karibu na geti la kutokea, bila faini.

Mnaotumia kadi ya benki badala ya tiketi, gusisheni kadi ileile kwenye mashine ya stesheni mnapoingia na mnapotoka. Jijini London kadi ya plastiki na simu iliyosajiliwa kadi hiyohiyo huhesabiwa kuwa vitu viwili, nawe ukiingia kwa kimoja na kutoka kwa kingine utakatwa nauli ya juu kabisa mara mbili. Nchini Uholanzi kila abiria anahitaji kadi yake, na ukihamia treni ya kampuni nyingine unagusisha kutoka kwanza, kisha unagusisha kuingia upya, hata kama treni zote mbili ziko katika stesheni moja.

Zaidi ya hayo, angalia saa ya treni ya mwisho, uliza kama kuna matengenezo ya reli mwishoni mwa wiki, na fuatilia matangazo ya migomo, hasa Italia na Ufaransa. Tiketi inunuliwe dirishani, kwenye mashine au kwenye programu rasmi, kamwe si kwa mtu anayekukaribia akijitolea kukubonyezea vitufe.